Wachambuzi wamejaa, mwandishi yuko wapi?

Ijumaa ya Machi 7, 2025, usiku, Simba walifika Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho kabla ya kuwavaa Yanga kesho yake. Hawakuingia. Usiku huohuo klabu ikatoa taarifa kwamba haitacheza, ikiitaja Kanuni ya 17(45) ya Ligi Kuu inayoipa timu ngeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja utakaotumika. Jumamosi Bodi ya Ligi ikatangaza kuahirisha mchezo. Yanga wakaenda uwanjani hivyohivyo, na mashabiki wao nao wakaenda. Dabi hiyo ya Kariakoo ilikuja kuchezwa Juni 25, miezi mitatu na nusu baadaye, Yanga wakashinda 2-0.

Saa zile kati ya Ijumaa usiku na Jumamosi jioni ndizo zilizonisukuma kuandika makala haya. Chaneli za YouTube zilikuwa mubashara, studio za redio zilikuwa zimefungua laini, kurasa za Instagram zilipandisha klipu juu ya klipu, na kila mwenye kipaza sauti alikuwa na la kusema. Nani kaogopa? Nani kamtegea mwenzake? Simba wametafuta upenyo wa kukwepa, au Yanga wamewachezea watani rafu kabla mpira haujaanza? Maneno yalikuwa matamu, kwa sababu watani wa jadi hawajawahi kukosa maneno tangu Yanga ianzishwe mwaka 1935 na Simba mwaka uliofuata.

Lakini shabiki aliyelipa nauli kutoka Mbeya au Tabora alistahili majibu ya maswali ya aina nyingine. Je, kanuni inamtaka mgeni atoe taarifa kabla ya kwenda mazoezini, na ampe nani? Usiku wa kuamkia mechi, geti la uwanja linafunguliwa kwa amri ya nani: klabu mwenyeji, meneja wa uwanja au kamishna wa mchezo? Anayezuia wenzake kuingia ana adhabu gani, na asiyetokea uwanjani ana ipi? Sehemu ya majibu ilikuwa ndani ya kitabu cha kanuni, ambacho mtu anaweza kukipakua kwenye simu yake akiwa amekaa kitandani. Yaliyobaki yalimhitaji mtu wa kusimama pale getini, kupiga simu, kukataliwa, kupiga tena.

Wapo waandishi waliofanya hivyo, na sitaki kuwadhulumu. Ila sauti zao zilizama. Kwa kila mmoja aliyekwenda uwanjani Chang'ombe kuuliza, ilikuwapo meza nzima ya watu studioni wakikisia alichojibiwa. Na hii ndiyo hali ya soka letu mtandaoni hivi leo. Uchambuzi umefurika, habari ni haba, na kwa kuwa vyote viwili vinakuja kwa sauti ileile na kwenye kioo kilekile, msikilizaji anashindwa kujua anapewa kipi.

Kipindi cha michezo cha redio hakiishii tena hewani. Sports Extra ya Clouds, Sports HQ ya EFM, Sports Arena ya Wasafi na vingine vingi vinapigwa picha studioni, vinawekwa vizima YouTube, kisha vinakatwa vipande vya dakika moja moja vya kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Pembeni yake kuna podikasti zisizo na redio yoyote nyuma yake, vijana watatu wenye vipaza sauti na taa, na zile chaneli tunazoziita Online TV ambazo mpiga picha, mhariri na mtangazaji ni mtu mmoja. Dereva wa bodaboda wa Sinza anasikiliza akisubiri abiria. Mtanzania aliyeko Muscat anasikiliza akitoka zamu. Shaffih Dauda alikuwa miongoni mwa watu wa redio waliowahi kuliona hili mapema, akajenga jina lake mtandaoni sambamba na kipindi, na kwa kupitia Ndondo Cup akawafanya watu wa mjini wazungumzie mpira wa mchangani kwa uzito uleule wanaoupa Ligi Kuu. Hayo ni mafanikio, na nayahesabu kuwa makubwa.

Tena sisi hatukuanza jana. Taifa Stars walipokwenda Ndola mwaka 1979 kutafuta tiketi ya fainali za Afrika za Lagos, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Cha kwanza kilikuja mwaka 1994. Goli la Peter Tino lililotupeleka Nigeria liliingia majumbani kwa redio. Nchi ilisubiri miaka 39 kurudi kwenye fainali hizo, mwaka 2019 kule Misri, na muda wote huo goli lile liliishi masikioni mwa watu ambao hawakuliona.

Watangazaji wa shule ile ya Radio Tanzania Dar es Salaam, akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, walijua kwamba wao ndio macho ya msikilizaji. Mpira uko wapi, unaelekea goli la upande gani, nani kaugusa, zimebaki dakika ngapi: hayo kwanza, mbwembwe baadaye. Kenya walikuwa na Leonard Mambo Mbotela, sauti iliyowapeleka watu uwanjani wakiwa wamekaa sebuleni. Mwaka 2025 ulituchukulia wawili kati yao, Mbotela mwezi Februari na Charles Hilary mwezi Mei. Nimesikiliza salamu nyingi za rambirambi zikisifu sauti zao. Sauti zilikuwa nzuri, kweli. Kilichonigusa mimi siku zote ni utii wao kwa kilichokuwa kinatokea. Mtangazaji akikosea jina la mchezaji, alilirekebisha palepale, kwa sababu kuna mtu Kigoma aliyekuwa hana njia nyingine ya kujua.

Waingereza ambao podikasti zao za soka zimeigwa karibu dunia nzima walianza karibu na mahali hapohapo. Mwaka 2006, wakati wa Kombe la Dunia la Ujerumani, gazeti la The Guardian lilianza kurusha kipindi cha sauti mtandaoni, na baada ya mashindano kikaendelea kwa jina la Football Weekly. Mwongozaji alikuwa James Richardson. Waingereza walimfahamu tangu miaka ya 1990, alipokuwa akiwaletea ligi ya Italia kupitia Channel 4. Alikuwa anakaa kwenye meza ya mgahawa na magazeti ya Italia mbele yake, Gazzetta dello Sport likiwa na rangi yake ya waridi, anawasomea watazamaji yaliyoandikwa huku akitania. Richardson aliondoka Guardian mwaka 2017 akaanzisha kipindi kingine, na Football Weekly kikaendelea na Max Rushden.

Anayesikiliza vipindi hivyo kwa mara ya kwanza anasikia vicheko na matani, akadhani siri yao ni vicheko na matani. Watu wetu wengi wameiga hapo tu. Lakini tazama nani alikuwa anakaa kwenye viti vile. Sid Lowe anaishi Hispania, anakwenda viwanjani, anazungumza na makocha kwa lugha yao. Jonathan Wilson alikwishachapisha mwaka 2008 kitabu kizima cha historia ya mbinu za soka. Kwa saa moja ya porojo kulikuwa na wiki nzima ya kazi ya miguu iliyofanywa na watu waliolipwa mshahara kuifanya. Hata yale magazeti ya mezani kwa Richardson yaliandikwa na mtu aliyekwenda mazoezini asubuhi na kuandika alichokiona. Podikasti ni ghorofa ya juu, na kwao ghorofa ya chini ilikuwapo tayari.

Sitaki ionekane kwamba kwao mambo ni shwari. The Athletic, chombo cha michezo cha mtandaoni kilichoanzishwa Marekani mwaka 2016 na kuingia Uingereza mwaka 2019, kiliwapa waandishi mishahara kutokana na ada za wasomaji, na kikawapa waandishi wa klabu moja moja muda wa kuichimba klabu hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2022 The New York Times walikinunua kwa Dola 550 milioni za Marekani. Mwaka uliofuata gazeti hilo likafunga dawati lake lenyewe la michezo na kazi ikahamia huko. Upande wa pili, Gary Lineker, Alan Shearer na Micah Richards walianzisha podikasti yao mwaka 2023, na wachezaji hao wastaafu watatu wakiongea mbele ya kamera wanavuta hadhira ambayo mwandishi wa gazeti hawezi kuiota. Mashindano kati ya anayeongea na anayeripoti yako kila mahali. Tofauti ni kwamba kwao anayeripoti bado ana mahali pa kupokea mshahara.

Hapa kwetu nani anamlipa? Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza amezoea kwamba habari ya mtandaoni inalipiwa kwa bando, na bando pesa yake inakwenda kampuni ya simu. YouTube inalipa kwa kutazamwa, na kutazamwa kunatokana na kichwa cha habari chenye herufi kubwa na mshale mwekundu. Hivyo mwenye chaneli anayelala njaa anajifunza haraka kwamba safari ya kwenda Bukoba kuitazama Kagera Sugar kwenye Uwanja wa Kaitaba itamgharimu nauli, malazi na siku mbili, kisha watu wachache watafungua. Akikaa chumbani akasema mshambuliaji fulani wa Simba yuko mbioni kutua Yanga, watafungua kwa maelfu. Kesho atasema dili limekwama, na watafungua tena.

Tetesi za usajili ndiyo bidhaa inayouzika kuliko zote, na mtu ambaye vijana wetu wanamwiga ni Fabrizio Romano, Mtaliano anayethibitisha usajili kwa yale maneno yake matatu yanayojulikana duniani kote. Wanaiga maneno. Romano alianza akiwa kijana mdogo, akajenga orodha ya mawakala, wakurugenzi wa klabu na watu wa hotelini kwa miaka kabla dunia haijamjua, na anajulikana kwa kushinda kwenye simu kutwa nzima. Mtindo wake nina mashaka nao, kwa sababu mwandishi anayeishi kwa kupewa habari na mawakala hawezi kuwauliza mawakala maswali magumu. Hata hivyo ile simu anaipiga.

Fedha nyingine inatoka kwenye kamari. Mwaka 2017 SportPesa iliweka nembo yake kwenye jezi za Simba na Yanga kwa pamoja, na mwaka 2022 Simba wakasaini na M-Bet mkataba wa miaka mitano wa Sh26.1 bilioni. Klabu zimefaidika, ligi imefaidika, na vipindi vya michezo vimefaidika. Shida yangu iko kwenye mdomo wa mchambuzi. Sauti ileile inayoniambia kwamba beki wa kushoto wa Coastal Union ana jeraha la nyama za paja, dakika mbili baadaye inaniambia niweke mkeka na timu gani. Kijana anayesikiliza hajui lini ameacha kuwa msikilizaji akawa mteja. Mwishoni mwa Aprili 2025 Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 ili kupanga upya utaratibu, na ingawa sipendi serikali kushika rimoti, nilielewa kwa nini. Chombo cha habari kinachoijali hadhira yake kingeweza angalau kuamua kwamba anayechambua mechi hasomi tangazo la kuibetia.

Halafu kuna wasemaji wa klabu, na hapa Tanzania tumezalisha kitu ambacho sijakiona kwingine kwa ukubwa huu. Haji Manara, mtoto wa Sunday Manara aliyeifungia Yanga goli la ushindi dhidi ya Simba kule Nyamagana mwaka 1974, aliigeuza kazi ya ofisa habari kuwa jukwaa. Alikuwa Simba, mwaka 2021 akahamia Yanga, mwaka 2022 shirikisho la soka nchini, TFF, likamfungia miaka miwili, na katika yote hayo alikuwa anafuatiliwa kuliko wachezaji wengi. Ahmed Ally wa Simba na Ali Kamwe wa Yanga wamerithi jukwaa hilo na wanalitendea haki: wanajaza uwanja, wanachangamsha Simba Day na Wiki ya Mwananchi, wanatania kwa Kiswahili kitamu kabisa. Ni kazi yao na wanalipwa kuifanya. Klabu nazo zina chaneli zao, kamera zao na programu zao za simu, na hazina sababu ya kumkimbilia mwandishi.

Kwa hiyo msemaji anasema neno asubuhi, ukurasa mmoja unalinukuu, redio inalijadili mchana, podikasti inalijadili usiku, na msemaji wa upande wa pili analijibu kesho. Hapo siku mbili zimepita. Hakuna aliyeuliza hesabu za klabu, wala maendeleo ya mabadiliko ya uendeshaji ambayo wanachama wameahidiwa, wala mshahara wa mchezaji wa timu ya vijana. Mwandishi akithubutu kuuliza, mashabiki wa klabu hiyo wanamwita mtani aliyejificha.

Umaskini wa mwandishi unazidisha ubaya. Mtu asiye na mkataba wala mshahara wa uhakika, anayelipwa kwa habari moja moja, ndiye tunayemtuma kwenye mkutano wa klabu ambako bahasha inamsubiri mlangoni. Mara nyingi nauli na hoteli ya safari ya ugenini inalipwa na klabu anayokwenda kuiandika. Ni rahisi kumwita kanjanja. Wanaomtuma bila posho hatuwaiti chochote.

Bei ya kuripoti kikweli inaweza kuwa kubwa zaidi ya hapo. Mwaka 2018 mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, na timu yake walionyesha filamu yao ya uchunguzi kuhusu rushwa katika soka la Afrika. Rais wa chama cha soka cha Ghana, Kwesi Nyantakyi, alijiuzulu. Mwamuzi msaidizi kutoka Kenya, Aden Marwa, aliyekuwa amekwishateuliwa kwenda Kombe la Dunia la Urusi, alionekana akipokea Dola 600, na hakwenda Urusi. Januari 2019 mmoja wa timu hiyo ya uchunguzi, Ahmed Hussein-Suale, aliuawa kwa risasi jijini Accra. Kwa miaka mingi kabla ya hapo watu wa Afrika Mashariki na Magharibi walikuwa wakisema redioni kwamba waamuzi wananunuliwa. Walisema sana. Ilichukua watu waliokwenda na kamera kulifanya neno hilo liwe na jina, kiasi na tarehe.

Kuna pia ukuta wa sheria, ambao vijana wenye podikasti wanaujua kuliko mimi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu au chaneli Tanzania awe na leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na gharama za mwanzo zilifika kama Sh2.1 milioni. Wapo walioacha. Waliobaki walijifunza kuchagua mada zisizomkera mtu mwenye madaraka, na soka likaonekana uwanja salama wa kupigia kelele, ilimradi kelele ziishie kwa kocha na mshambuliaji.

Pamoja na yote hayo, podikasti imetupa kitu kimoja ambacho redio haikuweza na gazeti halikuwa na nafasi nacho, nacho ni muda. Mchezaji mstaafu akikaa saa mbili mbele ya kipaza sauti bila habari za saa moja kumkata, anaanza kukumbuka. Abdallah Kibadeni alifunga magoli matatu peke yake Simba ilipoifunga Yanga 6-0 Julai 1977. Wapo waliokuwa uwanjani Novemba 1993 Stella Abidjan walipokuja kulichukua Kombe la CAF mbele ya Simba na mbele ya taifa zima. Kambi ilikuwaje, nani alilipwa nini, nani aligombana na nani, viatu vilitoka wapi, mchezaji alirudi kazini Bandari au Reli siku gani baada ya mechi? Mengi hayakuandikwa popote. Watu hao ni wazee sasa. Kila mazungumzo marefu na mmoja wao ni kumbukumbu ya taifa, na nimefurahi kila nilipokuta kijana wa miaka 25 akimuuliza mzee wa 70 swali zuri kisha akanyamaza kumwacha aongee. Hapo podikasti inafanya uandishi, na inaufanya kwa Kiswahili ambacho hakuna chumba cha habari cha Ulaya kitakachokuja kutufanyia.

Ningependa uvumilivu huohuo uwafikie wanawake. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022 kule Morocco, na Twiga Stars walicheza fainali za Afrika hukohuko Julai 2025. Vipindi viliwapongeza, vikarudi kwenye tetesi. Msichana anayecheza JKT Queens analipwa nini, anatibiwa wapi goti likiumia, ligi yake inasimama miezi mingapi? Anayetaka kujua itabidi aende mazoezini akaulize.

Na si kila kazi ya uandishi inahitaji nauli. FIFA inaweka mtandaoni orodha ya klabu zote duniani zilizofungiwa kusajili, na nyingi hufungiwa kwa sababu ya kutowalipa wachezaji au makocha walioondoka. Klabu za Tanzania zimewahi kuonekana humo. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ya Lausanne inachapisha taarifa za kesi zake. Mkataba wa matangazo ya ligi kati ya Azam na TFF wa mwaka 2021, miaka 10 kwa Sh225.6 bilioni, ulitangazwa hadharani, na mgawo wa kila klabu unaweza kuulizwa kwa klabu yenyewe, msimu hadi msimu. Vyote hivyo viko umbali wa bando la siku moja. Kipindi kitakachofungua dirisha la usajili kwa kuisoma orodha ile ya FIFA kwanza, jina kwa jina, kisha kumpigia simu katibu wa kila klabu iliyomo na kutuwekea majibu yake hewani, mimi nitakisikiliza hadi mwisho, na nitalipia.